Mwanga Uliomezwa kwa Scola: Wasifu wa Januarius Luhende, 1974–2025

Baba Paroko, katekista wetu Josia, viongozi wa kijiji na kata, ndugu wa ukoo wa Mzee Luhende, majirani wa Kimali, na wageni mliotoka Bariadi, Mwanhuzi, Lagangabilili na Mwanza.

Mimi ni Violeth Luhende, mdogo wake marehemu, mwalimu wa Kiswahili. Kamati ya mazishi ilinipa ukurasa mmoja wa kuandika wasifu wa kaka yangu. Nimeandika zaidi, na mwenye steshenari pale Bariadi amechapa alfajiri ya leo kama nilivyomtumia kwa simu usiku, kamati haijaona. Naomba radhi kwa hilo kwanza, maana mengine ya kuombea radhi yanakuja.

Marehemu aliacha karatasi ya maelekezo. Ilikuwa ndani ya Biblia yake, na mkewe Eufrasia alinikabidhi Ijumaa. Ametaja nyimbo anazozitaka, ametaja azikwe hapa Kimali karibu na baba, amekataza mashada ya plastiki. Mstari wa mwisho unasema hivi: "Katika wasifu, semeni wazi kwamba mimi ndiye niliyemponza mayu Scola kwa neno nililoandika. Watu wa Kimali wasikie." Mayu Scola ndiye mama aliyetulea, na watu wa hapa mnajua nyumba yake ilivyochomwa mwaka 2013. Maelekezo mengine yote tumeyafuata. Hili sitalisoma kama alivyotaka, kwa sababu si kweli, na anayejua kwamba si kweli ni mimi. Nitafika huko. Tuanze na maisha yake.

KUZALIWA

Januarius Luhende alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Agosti 1974, hapa hapa Kimali, mtoto wa kwanza wa Mzee Luhende Masalu na mama yetu Anna. Ulikuwa mwaka wa watu kuhamishiwa vijijini, na baba alipenda kusimulia kwamba mtoto alifika kabla ya paa, kwa hiyo wiki yake ya kwanza aliishi chini ya ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa juu ya miti minne. Mama Anna alifariki Machi 1981. Januarius alikuwa na miaka sita, mimi minne. Tulichukuliwa na mke mdogo wa baba, Scola, ambaye hakujaliwa kupata mtoto wake mwenyewe. Tulimwita mayu, kama mtoto yeyote wa Kisukuma anavyomwita mama yake, na hakuna aliyetulazimisha. Sura ya mama Anna mimi siikumbuki. Ninayemkumbuka akinifunga kanga ya shule, akinipaka mafuta magotini, akinichapa nilipomwaga maziwa na kunibembeleza baadaye, ni mayu Scola.

MASOMO

Alisoma Shule ya Msingi hapa Kimali kuanzia 1983 hadi 1989, akachaguliwa kwenda sekondari Shinyanga, akamaliza kidato cha nne mwaka 1993. Kisha alisomea ufundi sanifu wa maabara Dar es Salaam na kuhitimu mwaka 1997.

Wengi mliuliza jana kwenye matanga ilikuwaje mtoto wa wafugaji akaenda kupima gesi. Ilianza na mayai. Likizo ya kidato cha tatu alirudi nyumbani na swali la mwalimu wake wa kemia: kwa nini yai viza linanuka vile. Akamwomba mayu Scola mayai kumi na mawili. Kumi na mawili ni mengi kwa nyumba yenye kuku watano, lakini mayu alimpa, akala ugali na mlenda wiki mbili bila kulalamika. Januarius akayafukia chini ya ghala la mtama, ajue yanaoza lini. Siku ya tisa boma zima lilikuwa linatafuta mzoga. Baba alimpiga mbwa, akamfukuza, mbwa akarudi, harufu ikabaki. Mayu Scola alijua, lakini hakumtaja. Baba alipokuja kugundua, alisema hajawahi kusikia shule inayofundisha watu kunusa.

Hapo ndipo alipojua kwamba harufu ile ni gesi yenye salfa ndani yake, hidrojeni salfaidi, na hakuiacha tena.

NDOA

Alifunga ndoa takatifu na Eufrasia, binti wa Bariadi, Jumamosi tarehe 21 Juni 2003. Siku ya posa baba mkwe aliuliza kijana anafanya kazi gani. Mshenga akajibu kwa heshima kwamba anapima hewa. Mzee akataka kujua kama hewa nayo ina mshahara. Watu walicheka mpaka posa ikacheleweshwa. Sisi ndugu tulilichukua hilo tukalifanya utani wa miaka, tena utani mchafu, mnajua wenyewe hewa gani tuliyosema anaipima. Yeye alicheka nasi. Mungu aliwajalia watoto wawili: Yakobo, aliyezaliwa 2005, na Precious, aliyezaliwa 2010. Eufrasia ameniambia kwamba katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kumsikia akimsema mtu vibaya. Ninaamini, na ndilo linaloniumiza.

KAZI

Aliajiriwa mwaka 1998 katika maabara moja jijini Mwanza, akafanya kazi huko miaka kumi na minane, kisha akahamia Bariadi mwaka 2016 na kuendesha chumba kidogo cha vipimo mpaka alipougua.

Kazi yake niieleze kama alivyonieleza mimi, maana bila hiyo yaliyofuata hamtayaelewa. Upo mwanga ambao jicho la mtu halioni. Kiswahili cha vitabuni kinauita urujuanimno. Januarius alikuwa na bomba lenye vioo viwili, taa ya mwanga huo upande mmoja, na kipokezi cha kuuhesabu upande wa pili. Kwanza alijaza bomba kwa hewa safi na kuandika mwanga uliofika. Halafu alitia hewa anayoipima na kuandika tena. Kila gesi, alisema, ina mwanga wake inaoupenda, kama ng'ombe anavyochagua majani. Zile zenye salfa zinapenda huu wa urujuanimno. Zikiwepo, zinaumeza njiani, na ule uliopotea ndio unaokuambia gesi ni kiasi gani. Alipima mara tatu kila sampuli, na kati ya kila kipimo alirudia hewa safi. Hakuiamini pua. Alituonya mara nyingi kwamba gesi ya mayai viza ikizidi huiua pua kwanza, kwa hiyo mtu husikia harufu imekwisha, akadhani hatari imekwisha.

Vitabu husema mwanga unafyonzwa au unasharabiwa. Yeye aliandika "umemezwa", kwa sababu alitaka mtu wa Kimali aelewe bila kuuliza.

Sasa nafika kwenye mwaka 2013.

Jumanne tarehe 8 Oktoba mwaka huo, mume wangu Masele alishuka katika kisima cha mayu Scola kutoa tope. Kiangazi kilikuwa kikali, maji yalikuwa yamebaki chini kabisa. Kisima hicho kilichimbwa na baba, na baada ya baba kufariki mayu aliendelea kukitumia peke yake na sisi wawili watatu tuliokuwa jirani. Masele alipofika chini alisema kwa sauti kwamba kunanuka, kisha akasema hakunuki tena. Halafu hakusema kitu. Rafiki yake Mwandu akashuka kumsaidia, naye hakupanda. Tuliwatoa kwa kamba saa mbili baadaye. Hawakuwa na jeraha hata moja, na hilo ndilo lililowatisha watu.

Januarius alikuja mazishini. Siku ya tatu, huku wengine wanakunja maturubai, yeye alizunguka na mpira mrefu na pampu ya mkono, akavuta hewa ya chini katika visima vitano vya kijiji, akaitia kwenye mifuko maalumu, akaondoka nayo kwenda Mwanza. Watu walimwangalia tu. Alipokuwa anaondoka aliniambia hakuna mtu kushuka kisimani mpaka alete majibu.

Majibu yakaja kwa basi, kwenye bahasha yenye jina langu, kurasa mbili za mwandiko wake. Hakupewa ruhusa ya kusafiri wiki ile, akaahidi kufika Jumamosi. Mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano Jumatano, tarehe 23 Oktoba, saa nane mchana, nikasimama kusoma kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili na mimi ndiye niliyetumiwa. Kutafsiri kwa Kisukuma alipewa Mzee Maige, ambaye sasa ni marehemu. Mzee Maige alikuwa amekata mkonge Tanga miaka kumi na saba, na kwa Kiswahili hapa hakuna aliyekuwa anamfikia. Huko Pwani alikojifunza, mwanga ni neno lenye maana mbili. Ni nuru, na ni mchawi, yule anayetoka uchi kwenda kuwanga.

Nilisoma ukurasa wa kwanza. Sentensi yenyewe ni hii, nimeisoma mara nyingi mno kuikosea: "Katika visima vitano, mwanga uliomezwa mwingi kuliko wote ni kwa Scola."

Mzee Maige akaligeukia kundi akasema kwa Kisukuma kwamba Januarius amepima, na mchawi aliyewameza wale wawili yuko kwa Scola.

Sitaki mtu amlaumu Mzee Maige. Alisikia "mwanga", akasikia kumeza, akasikia kwa Scola, akatafsiri kile alichosikia kwa moyo mweupe. Hata salamu yetu ya asubuhi, mwangaluka, ina neno hilo ndani yake, na hakuna anayeshtuka. Neno lenyewe halina kosa. Mwenye kosa ni aliyeshika karatasi. Mimi nafundisha ngeli tangu mwaka 1999. Mchawi angechukua "a": mwanga amemeza, mwanga aliyemeza. Januarius aliandika "uliomezwa". Nilimsikia mzee akikosea, nikajua amekosea wapi, nikajua herufi ipi. Ningesema, "Hapana, baba, ni nuru," na mkutano ungeendelea.

Nilinyamaza.

Mayu Scola alikuwa amekaa chini na akina mama upande wa kushoto. Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Aliinuka, akanitazama mimi, si Mzee Maige, akaniuliza kwa Kisukuma mbele ya watu wote:

"Vio, mwanangu, karatasi ya Janu inasema hivyo?"

Nikamjibu, "Mayu, mimi nimesoma kilichoandikwa."

Hayo ndiyo maneno yangu. Hayakuwa uongo, ndiyo maana niliyachagua. Akakaa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa mchawi na mtoto aliyemlea kwa mayai ya kuku wake.

Ukurasa wa pili ulikuwa chini ya ule wa kwanza, mkononi mwangu. Nilikuwa nimeusoma asubuhi. Nimeuchapa nyuma ya ratiba hii kama ulivyo, mwandiko wake mwenyewe, mtauona. Unasema kwamba kilichowaua Masele na Mwandu ni gesi ya hidrojeni salfaidi iliyojaa chini ya kisima kwa sababu ya majani na kinyesi kilichooza kwenye tope. Unasema kifunikwe, kiwekewe bomba la kutolea hewa, asishuke mtu. Halafu unasema: "Gesi hii huwasha macho. Mayu Scola ameinama juu ya kisima hiki kila siku kwa miaka. Macho yake mekundu yanaweza kuwa yametokana na hii na moshi wa miti ya pamba anayopikia. Violeth, waambie watu hili kwa sauti. Hakuna mtu wa kulaumiwa."

Nilikunja karatasi zote mbili nikaziweka kwenye pochi.

Watoto wangu wa shule huniuliza kwa nini mtu katika hadithi ametenda ubaya, nami huwafundisha watafute sababu. Kwa hiyo zangu hizi hapa, si za kujitetea. Nilikuwa mjane wa siku kumi na tano. Nilitaka kifo cha Masele kiwe na mtu wa kushikwa, na gesi huwezi kuishika. Niliogopa pia, maana mkutano ule ulikuwa umekwisha kuchemka na anayemtetea mshukiwa naye hutazamwa. Na la tatu ndilo baya kuliko yote. Nilipoyatazama macho yake mekundu pale chini, ambayo kwetu watu huyahesabu kuwa alama ya uchawi, kwa muda mfupi niliamini. Mimi niliyesoma ukurasa wa pili, mimi niliyelala mgongoni pa mwanamke yule, niliamini.

Kabla jua halijazama nyumba yake ilikuwa inaungua. Walimvunja mkono wa kushoto. Katekista Josia, Mungu ambariki, ndiye aliyeingia katikati, akampakia kwenye pikipiki yake na kumfikisha hospitalini Mwanhuzi, na baadaye akampeleka kwa binti wa kaka yake huko Lagangabilili. Mimi nilikuwa ndani kwangu, mlango nimeufunga, nasikia harufu ya moshi. Sikutoka.

Januarius alifika Jumamosi kama alivyoahidi, akakuta majivu. Nilimweleza kwamba Mzee Maige alitafsiri vibaya neno lake. Aliuliza kama ukurasa wa pili nao ulisomwa. Nikamwambia mkutano ulivunjika kabla sijaufikia. Huo ulikuwa uongo mtupu. Januarius akakaa chini kwenye vumbi, mtu mzima mwenye miaka thelathini na tisa, akasema, "Kumbe ni neno langu."

Nikamwacha aamini hivyo. Kwa miaka karibu kumi na miwili.

Alikwenda Lagangabilili wiki ile ile. Binti wa kaka yake mayu alinisimulia kwamba aliingia kwa magoti kuanzia mlangoni, na mayu hakutaka kumtazama mpaka alipomaliza kueleza nuru ni nini na mchawi ni nini. Tangu siku hiyo hakuandika tena neno mwanga. Ripoti zake zote za baadaye zinasema "miale", hata mahali ambapo mwanga ndilo neno sahihi. Wenzake wa maabara walimtania kwamba amekuwa mshairi. Alihamia Bariadi ili awe karibu na visima vya kwetu, na kila mwisho wa mwezi alipitia Lagangabilili akiwa na sukari, sabuni na dawa ya macho. Mayu alipoacha kuinamia kisima kile na kupikia miti ya pamba, wekundu wa macho ulipungua taratibu, na mwaka uliofuata yalikuwa macho ya kawaida ya mtu mzima. Januarius alinipigia simu kunieleza, ana furaha, akasema kipimo chake kimethibitika. Nilimwambia Mungu ni mwema.

Kisima cha mayu alikifunika mwenyewe kwa zege na kukiwekea bomba. Hadi mwaka jana alikuwa amepima visima mia moja sitini na vitatu katika Meatu, Itilima na Bariadi, vingine mara mbili. Katika vile alivyovitia alama nyekundu ya hatari, hakuna aliyeshuka akafa. Kila kijiji alikokwenda alisoma majibu yeye mwenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na hakuacha mtu mwingine amsomee. Watu walidhani ni majivuno. Mkewe alijua ni woga, lakini hakujua nani aliyeusababisha.

KUUGUA NA KUFARIKI

Mwezi Februari mwaka huu alianza kusikia maumivu ubavuni na kukosa hamu ya kula. Vipimo vilionyesha saratani ya ini, tena ilikuwa imekwenda mbali. Alilazwa katika hospitali ya rufaa Mwanza, akarudishwa nyumbani, akalazwa tena Julai. Madaktari na wauguzi walimhudumia kwa bidii, na familia inawashukuru.

Nilikwenda kumwona Agosti, siku mbili baada ya siku yake ya kuzaliwa. Nilikuwa nimepanda basi pale Mwanhuzi nikiwa nimeamua. Ukurasa wa pili ulikuwa kwenye pochi yangu. Nilimnywesha uji vijiko vitano. Nikafungua mdomo, naye akanitangulia.

"Vio, lile neno," akasema. "Ningeandika nuru tu, basi."

"Kaka..."

"Wewe usijilaumu hata kidogo. Ulisoma kilichoandikwa."

Maneno yangu mwenyewe. Sijui nani alimwambia kwamba niliyasema, au kama yalimjia tu. Sijui kama alijua kila kitu na alikuwa ananifungulia mlango, au hakujua lolote na alikuwa ananifariji. Nimelifikiria hilo kila siku tangu hapo. Ningeweza kuuliza. Nilichukua bakuli nikaenda kuliosha bombani, nikakaa huko mpaka alipolala, nikarudi kwangu na karatasi yangu.

Januarius Luhende alifariki dunia Alhamisi, tarehe 4 Septemba 2025, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa darasani, nafundisha.

Basi Ijumaa nikapewa maelekezo yake. Kama ningeyafuata, leo ningesimama hapa na kusoma kwa sauti, mbele ya mwili wake, kwamba kosa ni lake. Ningekuwa nimemzika nalo. Kamati iliniomba niruke habari hii yote ili tusichafue siku. Nawaheshimu, lakini siku ilichafuka tarehe 23 Oktoba 2013, na aliyeichafua amekula, amelala na amepandishwa cheo huku kaka yake akipiga magoti.

Jana mchana mayu Scola aliteremka kwenye gari kutoka Lagangabilili, mara yake ya kwanza kukanyaga Kimali tangu siku ile. Nilitaka nimwambie kwanza yeye, faraghani, kama inavyompasa mama. Nilimpokea mkoba. Alinishika shavu kwa mkono wake ule uliounga vibaya, akaniuliza kama nimekula. Nikashindwa. Lakini usiku nimeona pia kwamba faraghani hakutoshi. Alinyang'anywa jina lake hadharani, na mahali pa kumrudishia ni hapa, mbele ya wale wale, na wapo wengi mliokaa hapa ambao mnajua mlishika nini mkononi jioni ile. Siwasemi. Mlichokishika, mimi ndiye niliyewapa.

WALIOACHWA

Marehemu ameacha mke, Eufrasia. Ameacha watoto wawili, Yakobo na Precious, ambao nawaomba msamaha kwa miaka baba yenu aliyobeba mzigo wangu. Alipokuwa ananyamaza mezani, mkadhani ni uchovu wa kazi, mara nyingine ilikuwa ni mimi. Ameacha dada mmoja, ambaye mmemsikia.

Na ameacha mama mmoja, Scola, mwenye miaka sabini na mitano, aliyekaa mstari wa mbele. Katika ratiba ya kwanza jina lake halikuwepo, na aliyeliacha ni mimi. Mayu Scola si mchawi na hakuwahi kuwa. Karatasi ya Januarius haikusema hivyo. Alimuuliza bintiye mbele ya kijiji, na bintiye, akiwa na jibu mkononi, akamnyima.

Leo hakuna mkalimani. Nikimaliza mstari huu nitayasema hayo yote tena kwa Kisukuma, mimi mwenyewe, polepole, mpaka aliye nyuma kabisa asikie.

Januarius alale kwa amani, maana hana kosa la kujibu. Mimi nitaendelea kusimama hapa mpaka mayu Scola aniambie nikae.